Kabla ya Kutikisa Kisanduku

Katika programu nyingi za simu zinazotengenezwa siku hizi, mtu anapobonyeza kitufe cha kuhifadhi fomu huku sehemu moja ikiwa haijajazwa sawasawa, kisanduku cha sehemu hiyo hutikisika kushoto na kulia mara kadhaa, mstari wake hugeuka mwekundu, kisha kila kitu hutulia. Mjongeo huo hauchukui hata nusu sekunde. Mimi naishi Mbeya, na kazi yangu ni kutengeneza na kukagua programu zinazotumiwa na vyama vya wakulima na wanunuzi wa mazao wa Nyanda za Juu Kusini. Nimeuona mjongeo huu ukitumika vizuri, lakini mara nyingi zaidi nimeuona ukimwacha mtumiaji bila kujua amekosea wapi wala afanye nini. Msimamo wangu ni kwamba mtikisiko una kazi moja tu, nayo ni kuliita jicho. Kueleza kosa ni kazi ya maneno, na kulirekebisha, kila inapowezekana, ni kazi ya programu yenyewe.

Inafaa kuanza na mahali ambapo mtikisiko huu ulifanya kazi vizuri tangu zamani. Kompyuta za NeXT, zilizotumia mfumo wa NeXTSTEP, zilikuwa na dirisha la kuingilia ambalo lilitikisika kushoto na kulia mtu alipokosea nenosiri, na Apple ilipoinunua kampuni hiyo na kuujenga mfumo wake wa Mac OS X juu ya msingi huo, tabia hiyo ilihamia kwenye Mac. Dirisha lilikataa kama mtu anavyokataa kwa kutikisa kichwa, na hakuna aliyehitaji kufundishwa maana yake. Tatizo ni kwamba waliouiga mtikisiko huo waliuiga bila mazingira yake. Dirisha la nenosiri huwa na jambo moja tu la kujibiwa, jibu lake ni ndiyo au hapana, na kwa sababu za usalama halitakiwi hata kueleza ni herufi ipi iliyokosewa. Fomu ya usajili wa mkulima ina majina matatu, namba ya simu, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), kijiji, ukubwa wa shamba na idadi ya miti. Huko, kusema hapana peke yake ni kumwachia mtu fumbo.

Niliombwa wakati fulani kuipitia programu iliyokuwa ikitumika kwenye kituo cha kukusanyia parachichi wilayani Rungwe, si mbali na Tukuyu. Anayejua Rungwe anajua mvua yake. Makreti yalikuwa yamepangwa chini ya bati, mizani ikiwa katikati, na karani, mama wa makamo aliyevaa koti zito, alikuwa ameiweka simu ndani ya mfuko wa nailoni ili isilowe. Alijaza fomu ya mkulima mpya kuanzia juu hadi chini, akafika kwenye kitufe cha kuhifadhi, akabonyeza. Simu ikatetema mkononi mwake. Akabonyeza tena, ikatetema tena. Nyuma yake foleni ya wakulima ilikuwa inazidi kurefuka.

“Mwanangu,” aliniambia bila kuinua macho, “hii simu inanung'unika tu, haisemi.”

“Mama, hebu rudi juu kwenye namba ya simu,” nilimjibu.

Aliposukuma fomu kwa kidole, kisanduku cha namba ya simu kilikuwa huko juu kabisa, kimepakwa wekundu na kimetulia. Kilikuwa kimeshatikisika mara zote hizo mahali ambapo yeye hakuweza kukiona, kwa kuwa kioo cha simu kilikuwa kinaonesha nusu ya chini ya fomu, na kibodi ilikuwa imeficha sehemu nyingine. Chini ya kisanduku kulikuwa na maneno mawili: “Si sahihi.” Namba yenyewe ilikuwa sahihi. Mkulima alikuwa ameisoma kutoka kwenye simu yake, ambako ilihifadhiwa ikianza na +255 na kuachiwa nafasi kati ya mafungu ya tarakimu, naye karani akaiandika vivyo hivyo. Programu ilikuwa inataka tarakimu 10 zinazoanza na sifuri, zisizo na nafasi, na haikuwa imemwambia mtu yeyote hivyo.

Tukio hilo dogo linabeba karibu kila kitu ninachotaka kukisema, kwa hiyo nitalifungua polepole.

La kwanza ni utaratibu. Kitufe cha kuhifadhi kinapobonyezwa, programu inapaswa kukagua sehemu zote, kuitafuta ya kwanza yenye kasoro kwa kuanzia juu, kuisogeza fomu mpaka sehemu hiyo ionekane juu ya kibodi, kusubiri usogezaji umalizike, na hapo ndipo itikise. Neno la kushikwa hapa ni kusubiri. Katika Flutter, zana ya kutengenezea programu za simu ambayo ndiyo naitumia zaidi, amri ya kuleta kisanduku machoni hurudisha ahadi, yaani alama ya kazi ambayo bado inaendelea, inayokamilika pale usogezaji unapokwisha, kwa hiyo kusubiri ni suala la neno moja, await, katika msimbo, yaani maandishi ya programu. Watengenezaji wengi hulisahau neno hilo, na matokeo yake usogezaji na mtikisiko huanza kwa pamoja. Jicho, ambalo tayari linafuata fomu nzima ikikimbia kwenda juu, haliwezi kuona kisanduku kimoja kikienda kushoto na kulia kwa milimita moja. Kuvitikisa visanduku vyote vyenye makosa kwa wakati mmoja nako hakufai, maana kila kitu kinapoita hakuna kinachosikika. Kitikiswe cha kwanza tu, vingine viwe na alama na maelezo yake, visubiri zamu.

La pili ni mtikisiko wenyewe, na hapa naomba uvumilivu wa msomaji asiyependa hesabu. Miongoni mwa mifano ya msimbo ambayo Google iliisambaza kwa watengenezaji wa programu za Android tangu miaka ya mwanzo, kuna mtikisiko wa kisanduku cha nenosiri unaozunguka mara 7 ndani ya sekunde 1, kwa umbali wa pikseli 10. Umenakiliwa sana. Kwa maoni yangu ni mrefu mno: sekunde nzima ya kutikiswa, kwa mtu aliyekosea tarakimu moja, ni kukaripiwa. Mimi hutumia milisekunde 300 hadi 350, umbali wa dp 8 (dp ni kipimo cha Android kisichobadilika na wingi wa pikseli za kioo), ambao kwenye kioo ni kama milimita moja na robo, na mizunguko 2 au 3 inayopungua nguvu kadiri muda unavyokwisha. Kupungua huko ndiko kunakoufanya mjongeo uonekane wa asili, kwa sababu kitu halisi kikisukumwa hakisimami ghafla. Kihesabu, unachukua wimbi la kawaida la sine na kulizidisha kwa kiasi cha muda uliobaki, hivyo linaanza na upana wake wote na kuishia sifuri, na kisanduku kinarudi mahali pake bila kuruka.

Idadi ya mizunguko si suala la ladha tu. Simu inayochora fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde hupata fremu 21 ndani ya milisekunde 350, yaani fremu 7 kwa kila mzunguko kama mizunguko ni 3. Hizo zinatosha kuonesha mwendo laini. Lakini simu za bei nafuu, ambazo ndizo zilizojaa mikononi mwa makarani wa vituo vya mazao, zikielemewa hushuka hadi fremu 30, na hapo kila mzunguko unabakiwa na fremu 3 au 4. Kwa fremu 3 jicho halioni tena kisanduku kikitikisika, bali linaona picha iliyokatika, na mtumiaji anadhani kioo kinaharibika. Kwa hiyo kwenye simu dhaifu mizunguko 2 inashinda 3. Vilevile ni muhimu kukisogeza kisanduku kama picha iliyokwisha kuchorwa badala ya kubadilisha nafasi iliyo pembeni yake, kwa kuwa ukibadilisha nafasi unailazimisha simu kupanga upya fomu nzima katika kila fremu, kazi ambayo simu ya aina hiyo haiiwezi.

Kuna mjongeo mwingine ambao watu hawauhesabu kuwa ni mjongeo, nao unaniudhi kuliko mtikisiko. Ujumbe wa kosa unapojitokeza chini ya kisanduku, kila kilicho chini yake hushuka kwa mstari mmoja. Mtu aliyekuwa anakilenga kitufe cha kuhifadhi anajikuta amebonyeza kingine kilichopanda au kushuka hadi chini ya kidole chake. Dawa yake ni kuutengea ujumbe nafasi tangu mwanzo, hata kabla haujawa na maneno. Katika Flutter hufanyika kwa kuipa sifa ya helperText, ya maandishi ya msaada chini ya kisanduku, nafasi tupu ya herufi moja, na urefu wa kisanduku haubadiliki tena, kosa liwepo au lisiwepo. Ni mstari mmoja wa msimbo, na sijaelewa kwa nini programu nyingi hivyo zinautupa.

Sasa niseme kuhusu rangi na macho. Wekundu ni alama nzuri kwa anayeuona. Wapo watu, hasa wanaume, wasiotofautisha nyekundu na kijani, kwa sababu jeni zinazohusika ziko kwenye kromosomu ya X na mwanaume ana moja tu. Lakini hata mwenye macho mazima, mpeleke saa 7 mchana katika mashamba ya mpunga ya Mbarali, simu ikiwa imepunguzwa mwanga ili chaji ifike jioni, kisha umuulize mstari upi ni mwekundu. Mwongozo wa WCAG, wa kuwezesha watu wenye ulemavu kutumia mtandao, unaotolewa na W3C, shirika la viwango vya mtandao, unataka rangi isiwe njia pekee ya kutoa taarifa, na unataka kosa likigunduliwa, sehemu iliyokosewa itambulishwe na kosa lielezwe kwa maandishi. Matakwa yote mawili yamo katika kiwango cha chini kabisa cha mwongozo huo, kiwango A. Wala hakuna mahali ambapo mwongozo huo unasema kutikisika kunahesabika kuwa ni maandishi.

Isitoshe, mtikisiko wenyewe unaweza usitokee kabisa. Apple ilipotoa iOS 7 mwaka 2013, ikiwa na madirisha yanayokuja na kurudi kwa kasi, watu wenye matatizo ya sikio la ndani walilalamika kwamba wanapata kizunguzungu, na mpangilio wa kupunguza mijongeo ukawa jambo la kawaida katika simu. Android nayo ina mpangilio wa kuondoa mijongeo. Huku kwetu kuna sababu nyingine ya kuzimwa kwa mijongeo, ambayo sijaiona ikitajwa katika miongozo: mafundi wa simu. Ukimpelekea fundi wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, simu iliyochoka na kumwomba aifanye nyepesi, mmoja wa ujanja wake ni kuingia kwenye mipangilio ya watengenezaji na kuweka vipimo vyote vya mijongeo kuwa sifuri. Simu kweli huonekana kuwa na kasi zaidi. Lakini kuanzia siku hiyo, mtikisiko ulioupima kwa uangalifu hauonekani kwa mwenye simu hiyo, naye hajui kwamba umewahi kuwepo. Fomu inayotegemea mtikisiko peke yake, kwa mtu huyo, ni fomu isiyosema lolote. Kwa asiyeona na anayetumia kisoma skrini kama TalkBack hali ni hiyo hiyo, isipokuwa msimbo uwe umeagiza ujumbe usomwe kwa sauti na uangalizi uhamie kwenye kisanduku chenye kosa.

Kwa hiyo yanarudi maneno. “Si sahihi” si maelezo. “Namba hii ina tarakimu 9, namba ya simu inayoanza na 0 huwa na tarakimu 10” ni maelezo, kwa sababu mtu akiyasoma anajua cha kufanya bila kumwita mtu. Ujumbe wa namna hiyo ni mrefu kidogo, na wabunifu wa mwonekano huupinga kwa kuwa unachukua mistari miwili. Waache upite. Karani aliye kwenye foleni yuko tayari kusoma mistari miwili kuliko kubonyeza kitufe kimoja mara nne.

Kuna pia swali la wakati. Programu nyingine huanza kukagua tangu herufi ya kwanza, hivyo mtu akiandika 0 katika namba ya simu anakaripiwa papo hapo kwamba namba haijatimia. Bila shaka haijatimia, ndiyo kwanza anaanza. Kanuni ninayoifuata ni kukagua mtu anapotoka kwenye kisanduku, kuonesha ujumbe bila mtikisiko wowote, na kuuhifadhi mtikisiko kwa ajili ya kitufe cha kuhifadhi, pale ambapo mtu anadhani amemaliza na programu ina sababu ya kumrudisha. Kosa likishaoneshwa, ukaguzi ugeuke uwe wa kila herufi, ili ujumbe uondoke mara tu anaporekebisha. Kumwacha mtu na wekundu baada ya kurekebisha ni kumnyima malipo ya kazi yake.

Namba ya NIDA ni mfano mzuri wa kuepuka mtikisiko kabisa. Ina tarakimu 20, zilizogawanywa kwa vistari katika mafungu ya 8, 5, 5 na 2, na fungu la kwanza ni tarehe ya kuzaliwa kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku. Hakuna mtu anayeweza kuhesabu tarakimu 20 kwa macho kwenye kioo kidogo. Programu iweke vistari yenyewe mtu anapoandika, ioneshe pembeni kwamba amefika 14 kati ya 20, na ikiona tarakimu za mwezi zinasomeka 17, imwambie wakati huo huo atazame upya mafungu ya mwanzo. Akifika kwenye kitufe cha kuhifadhi hatakuwa na sababu ya kurudishwa.

Na hapa nagusa jambo ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote: makosa mengi yanayotikisiwa visanduku si makosa. Nafasi kati ya tarakimu za simu iondolewe kimyakimya. +255 igeuzwe kuwa 0, au 0 igeuzwe kuwa +255, vyovyote hifadhidata inavyotaka. Vistari vya NIDA vikubaliwe vikiwepo na visipokuwepo. Majina nayo yana mkasa wake. Katika mikoa yetu kuna koo nyingi ambazo majina yao yana ng', kama Mwang'ombe, na programu zilizoandikwa na watu wasiolijua hilo hukataa alama hiyo kwa madai kwamba jina linapaswa kuwa na herufi tupu. Hata zile zinazoikubali mara nyingi zinaikubali alama iliyonyooka peke yake, wakati baadhi ya kibodi za simu huweka iliyopinda zenyewe bila mwandishi kuombwa. Mtu mzima anatikisiwa kisanduku kwa sababu ya jina la babu yake. Ukaguzi wa aina hiyo ufutwe katika msimbo. Jina la mtu halihitaji kuidhinishwa na programu.

Hata hivyo kurekebisha kimyakimya kuna mpaka wake. Karani akiandika 1,250 katika kisanduku cha kilo, mkato huo ni wa kutenganisha maelfu kama tunavyoandika fedha, au ni wa desimali? Programu ikiugeuza kuwa nukta, shehena ya zaidi ya tani moja inakuwa kilo moja na robo. Ikiufuta nayo ikawa imekosea, mkulima analipwa kilo ambazo hakuzileta. Panapohusika uzito na fedha programu isibahatishe. Ioneshe tafsiri yake kwa maneno chini ya kisanduku, “kilo elfu moja mia mbili na hamsini”, na karani aithibitishe kabla ya kuhifadhi. Hilo nalo si kosa na halistahili wekundu wala mtikisiko. Ni swali, na liulizwe kwa rangi ya kawaida.

Lipo pia kosa ambalo ni la mtandao. Ukitoka barabara kuu na kushuka kwenye mabonde ya Busokelo au kupanda vijiji vya Ileje, kuna mahali mawimbi ya simu hupotea. Nimekutana na programu ambazo zikishindwa kuifikia seva hutikisa fomu nzima, kwa kuwa mtengenezaji alifunga kila kushindwa kwa aina moja ya mjongeo. Mtu aliyejaza kila kitu sawasawa anaambiwa kwa ishara kwamba amekosea, anaanza kubadilisha majibu yaliyokuwa sahihi, na mtandao ukirudi anatuma taarifa mbovu. Hali ya mtandao iwe na ishara yake tofauti kabisa, mstari mtulivu juu ya fomu unaosema kwamba taarifa imehifadhiwa kwenye simu na itatumwa mawimbi yakirudi, na simu iihifadhi kweli.

Linabaki suala la mtu anayerudishwa na kisanduku kile kile mara ya pili, na ya tatu. Wenzangu wengine husema mtikisiko uongezwe nguvu kila mara. Mimi nasema upungue hadi uishe, kwa sababu kufikia hapo mtu ameshajua kisanduku kilipo, na kinachomshinda ni kitu kingine: kitambulisho kimebaki nyumbani, au mzee aliye mbele yake anaukumbuka mwaka wa kuzaliwa na si tarehe. Katika mara ya pili fomu ifungue njia ya kupitia, kitufe kidogo cha kuhifadhi bila NIDA na kuikamilisha baadaye, huku rekodi ikiwekewa alama ili msimamizi aione. Kreti zipimwe, stakabadhi itoke, na kisanduku kisichojazwa kibaki wazi hadi siku mzee atakapokuja na kitambulisho chake.